Sehemu Unayoiruka Unaposimulia

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mtu hawezi kuandika habari za maisha yake mpaka awe amepatwa na jambo kubwa, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa mkulima wa korosho wa Newala, mkoani Mtwara, jambo kubwa lililokuwa karibu nami lilikuwa msimu wa mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya Jeshi yakaingia vijijini kuzibeba. Niliyaona malori hayo, nikaketi na baba akisubiri malipo, kisha nikaandika kurasa kumi na mbili. Dada yangu alizisoma zote, akazikunja, akaniambia kwamba hayo alikwishayasikia redioni, halafu akauliza: "Mbona bakuli la mama hulitaji?"

Bakuli hilo ndilo nililokuwa nikiliruka kila nilipowasimulia watu utoto wangu. Desemba moja, dada alipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, baba alikuwa amekwisha kupeleka korosho chama cha msingi cha ushirika na awamu ya pili ya malipo yake ilikuwa haijatoka, huku shule ikitaka sare, godoro na sanduku. Usiku mama alifungua gunia lililobaki, akamuuzia mtu kwa kangomba, yaani kwa kipimo cha bakuli badala ya mizani na kwa bei ya kutupa, nami ndiye niliyeshika koroboi na kuhesabu. Kulipokucha nilimweleza baba. Hakuna aliyenilazimisha, nilitaka kusifiwa kwamba najua hesabu. Baba hakusema neno, ila tangu siku hiyo akalifanya bakuli kuwa la kunyweshea kuku, na mama akawa analipita uani kila asubuhi.

Ndiyo maana anayeniuliza aanzie wapi kuandika habari zake humwambia asianze kwa kuorodhesha matukio ya maisha yake, kwa sababu orodha hujazwa na yale ambayo mtu amezoea kuyasema: mitihani, misiba, safari, ajira. Afadhali amtafute mtu waliyekuwa pamoja wakati huo, amsimulie kwa mdomo, na aisikilize sauti yake mwenyewe. Kuna mahali msimuliaji huongeza mwendo, akasema "basi, tukaishi hivyo hivyo" au "hayo tuyaache", na kwa uzoefu wangu habari yenyewe huwa imelala papo hapo. Si lazima jambo liwe la kuumiza. Nimewahi kuruka hata furaha, kwa kuona kwamba ni ndogo mno kuandikwa.

Rafiki yangu wa Mikindani alipojaribu kuandika kuhusu kwao, alianza na Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, akaendelea na Boma la Wajerumani, na kufikia ukurasa wa tatu yeye mwenyewe alikuwa bado hajaonekana. Nilimwomba anisimulie njia aliyokuwa akipita kwenda shule. Alipofika kwenye mashamba ya chumvi alinyamaza kidogo, halafu akaeleza jinsi alivyokuwa akijificha nyuma ya lundo la vifuko vya chumvi vya bibi yake, kando ya barabara, kila lilipopita basi lenye wanafunzi wenzake. Nilimwambia aanzie hapo, na Livingstone akikosa nafasi, wamsikitikie wengine.

Ukishalipata tukio, usiiamini upesi kumbukumbu yako. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba hayo ya bakuli yalitokea mwaka 2005, lakini dada alinikumbusha karatasi ambayo baba aliichomeka ukutani, ya stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa hati, na mfumo huo ulianza kwenye korosho mwaka 2007. Kwa hiyo nilikuwa mkubwa kuliko nilivyojikumbuka, na udhuru wa utoto ukapungua. Marekebisho hayo ya miaka michache yalibadili maandishi yangu kuliko sentensi yoyote niliyoipamba.

Yapo pia mambo yangu ambayo si yangu peke yangu. Niliyoambiwa kumbini wakati wa jando yangesomwa kwa hamu, hasa na wageni, lakini niliyapokea kwa masharti na siyaandiki. Nikitaka kuandika kuhusu siku zile, ninazo njia ya kwendea na sura ya mama nilipomwona tena niliporudi, na hizo zinanitosha.

Kuhusu bakuli nilimwendea mama mwenyewe nikamsomea, kwa kuwa kangomba hairuhusiwi na aliyeuza ni yeye, si mimi. Alikubali kwa sharti kwamba mnunuzi asitajwe. Kisha akacheka. "Baba yako hakuligusa bakuli lile, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyewapa kuku." Nilitaka kuifuta aya ile, lakini dada, ambaye anakumbuka kama ninavyokumbuka mimi, alinizuia, na hivyo maandishi yamebaki na kauli zote mbili: ya watoto walioona mkono wa baba, na ya mama anayesema mkono ulikuwa wake.