Taji la Shangazi na Uso wa Mviringo

Swali: Shikamoo dada. Nitafunga ndoa kanisani hapa Mwanza, na baada ya ibada tutapiga picha kwenye mawe ya Capri Point saa kumi jioni. Uso wangu ni wa mviringo, navaa miwani, na nywele zangu za asili ni fupi, kiasi cha urefu wa kidole. Gauni ni la rangi ya maziwa, lina shanga kuanzia shingoni hadi kifuani. Shangazi amenichagulia saluni taji kubwa la kukodi, lakini nilipolijaribu niliona uso umepanuka. Nifanyeje bila kumkwaza? *Msomaji, Ilemela*

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kioo hakikukudanganya. Taji lenye kimo kilekile kutoka sikio hadi sikio huweka mstari wa mlalo juu ya paji la uso, na uso wa mviringo ulio chini yake huonekana mpana zaidi. Tafuta jembamba linalopanda katikati kiasi cha vidole viwili na kushuka taratibu pembeni, kisha livaliwe nyuma kidogo ya nywele za mbele. Na kwa kuwa gauni lako tayari limejaa shanga, taji lisishindane nalo kwa kumeremeta.

Miwani yako nayo ina neno. Mataji mengi huishia nyuma ya masikio, palepale inapokaa mikono ya miwani, na maumivu yake utayasikia kabla mahubiri hayajafika katikati. Chagua linaloishia juu ya masikio, likashikwa kwa vibanio.

Kuhusu shela (namaanisha kile kitambaa chepesi cha kichwani, maana siku hizi gauni zima tunaliita shela), kitana chake hakitapata pa kushika kwenye nywele fupi zilizoachwa wazi. Mwambie msusi akusuke utosini mistari miwili mitatu myembamba ya twende kilioni, ambayo taji litaificha, na kitana kichomekwe hapo. Rangi nayo iwe ya maziwa kama gauni, kwani shela jeupe pe hulifanya gauni la namna hiyo lionekane limefubaa.

Shela na taji visishonwe pamoja. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa kuwa ardhi hupata joto upesi kuliko maji, na saa kumi bado huwa na nguvu. Nimewahi kuona shela refu likinasa kwenye jiwe na kuondoka na taji, vibanio na kipande cha wigi. Matroni wako alichomoe mkiwa bado garini, ubaki na taji peke yake.

Shangazi usibishane naye kwa simu. Mkumbushe, kwa utani tu, kwamba Malkia Victoria, ambaye Speke, mpelelezi Mwingereza, alilipatia ziwa letu jina lake mwaka 1858, alipoolewa mwaka 1840 hakuvaa taji la vito bali shada la maua ya mchungwa. Kisha nenda naye saluni siku ya kujaribu nywele, ukiwa na miwani, hereni na kipande cha kitambaa cha gauni, umwombe akupige picha ya mbele na ya ubavuni kwa kila taji, naye azitazame mwenyewe. Lile kubwa mwahidi kulivaa kwenye sendofu, ambako nywele za kubandika zitalibeba vizuri na hakuna upepo wa ziwa.