Muuguzi Asiyekaa Tanga

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni muuguzi wa miaka 31 katika hospitali moja mkoani Lindi, na kwa miaka 4 sasa nimo katika kikundi cha tiba shufaa, kinachowatembelea majumbani wagonjwa ambao hawatarajiwi kupona. Wiki 3 zilizopita alifariki mama mmoja aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Dozi yake ya mwisho ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, nilimnywesha mimi saa 10 alasiri, naye akakata roho kabla ya magharibi. Mwanawe aliniuliza, "Ulimpa nini?" nikashindwa kumjibu. Tangu siku hiyo nalala kwa shida. Kinachonitisha zaidi ni kwamba juzi mgonjwa mwingine alifariki mbele yangu, nami nikaandika saa kwenye faili huku nikiwaza bei ya mchele. Je, nimekuwa na moyo wa jiwe?

Muuguzi, Lindi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na ile dozi, kwa kuwa naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Mofini ya maji iliyopimwa kulingana na maumivu, ikaongezwa kidogo kidogo na kunywewa kila baada ya saa 4, haimfupishii mgonjwa maisha. Hatari ya kupumua polepole mno huja pale dozi inapozidi mno mahitaji ya maumivu, na kabla ya hapo ungemwona akizama katika usingizi usio wa kawaida. Mgonjwa wa namna hiyo hunywa dozi kila siku hadi anapofariki, kwa hiyo lazima mojawapo iwe ya mwisho, na lazima awepo aliyeshika kikombe. Mambo haya unayajua, pengine umewahi hata kuwafundisha wanafunzi, ila siku ile uliulizwa na mtoto wa marehemu, si na mtahini.

Ama huo moyo wa jiwe, mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure mjini New York, aliandika kuhusu wahudumu waliokuja na ari kubwa, kisha wakaishiwa nguvu na kuanza kuwaona wagonjwa kama mzigo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hiyo si ugonjwa, bali ni matokeo ya shinikizo la kazi la muda mrefu lisiloshughulikiwa. Zingatia hilo neno kazi: kasoro haimo katika moyo wako peke yake, na mkuu wa kitengo chako anapaswa kulijua hili ili akupumzishe kwa kukuhamishia kliniki ya kawaida kwa muda.

Hata hivyo, naona kwako kuna jambo jingine kubwa kuliko uchovu. Tazama namna tunavyofiwa huku kwetu kusini. Ndugu wa marehemu hukaa tanga siku 3, mikeka hutandikwa, majirani huleta unga na kuni, na hakuna anayethubutu kumtuma mfiwa kazi. Wewe ulimsafisha yule mama kwa miezi, ukajua jina la mjukuu wake na ubavu anaopenda kulalia. Alipofariki ukatoa pole, ukafunga mkoba na kupanda bodaboda kumwahi mgonjwa wa kijiji cha pili. Umefiwa mara nyingi bila kukaa tanga hata moja, na bei ya mchele ilikuwa mahali pa kujificha. (Akitokea mtu wa kukuambia "utazoea", usimsikilize. Matroni wangu aliniambia hivyo ujanani, nami nikazoea kwa kuacha kuwatazama wagonjwa usoni.)

Ombeni kikundini mwenu dakika 15 kila Ijumaa za kuwataja waliofariki wiki hiyo, na kila mmoja aeleze alichokumbuka, bila kuandika ripoti. Usingizi ukiendelea kukosekana kwa wiki nyingine 2, au ukianza kuona heri usiwepo, mwone mtaalamu wa afya ya akili. Katika hilo la pili usingoje hata siku moja.

Na yule kijana bado hajajibiwa. Arobaini ya mama yake haijafika. Nenda siku hiyo, ukae na wanawake mkekani, kisha umwite kando umweleze dawa ile ilikuwa nini, ilikuwa kiasi gani, na jinsi mama yake alivyoacha kulia kwa maumivu baada ya kuinywa.