Jibu: Kugawa silabi katika maneno marefu ya kubuni ya Kidenmaki

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba neno ulilobuni kwa ajili ya mchezo wako ni refu mno, na kila ukihesabu silabi zake unapata idadi tofauti. Tafuta maungio kwanza, kwa sababu Kidenmaki huunganisha maneno bila kuacha nafasi. Chukua speciallægepraksisplanlægningsstabiliseringsperiode, linalotajwa mara nyingi miongoni mwa maneno marefu: ndani yake mna speciallæge, praksis, planlægning, stabilisering na periode. Ile s ya kuunganishia, yaani inayoongezwa mwishoni mwa planlægning na stabilisering ili kuziunga na sehemu inayofuata, hubaki kushoto, ingawa sisi tuliozoea silabi zinazoishia na irabu hushawishika kuisogeza mbele. Hivyo katika ss iliyo katikati, ya kwanza ni ya planlægnings na ya pili inaanzisha stabiliserings. Ndipo uhesabu irabu za kila sehemu, zikiwemo y, æ, ø na å: spe-ci-al-læ-ge, prak-sis, plan-læg-nings, sta-bi-li-se-rings, pe-ri-o-de, jumla 19. Usitegemee sikio, kwa kuwa e dhaifu, yaani isiyotiwa mkazo, humezwa sana katika mazungumzo. Ukikwama bado, tuandikie neno lenyewe pamoja na sehemu ulizoliundia.