Asili ya neno "bulwark"

Mkuu, umeuliza "bulwark" maana yake nini na limetoka wapi. Ni boma la kujihami: tuta la udongo, magogo au mawe la kumzuia adui. Waingereza walilipata karne ya 15 kutoka Kiholanzi au Kijerumani cha zamani, "bolwerk". "Bole" ni ubao mnene au gogo, "werk" ni kazi. Kazi ya magogo, basi!

Wafaransa ndio walionichekesha. Walilichukua neno hilohilo, likawa "boulevard". Kuanzia 1670 Mfalme Louis XIV akaamuru kuta za Paris zibomolewe, mahali pake zikapita njia pana zenye miti pembeni, na jina la ngome likabaki. Mabaharia nao huita "bulwark" ule ukingo unaoinuka juu ya sitaha ili usitumbukie baharini.