Kilimanjaro imeongezeka watu 221,847, sasa kwa nini Rombo wanasema watu wameisha?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Rombo ila naishi Arusha, Sakina. Kwenye umoja wetu wa watu wa nyumbani tumechanga hela tunataka kuongeza madarasa manne shule ya msingi ya kijijini. Sasa kikao kimegawanyika, mmoja anasema tusitupe hela watu kule wameisha, mwingine kaja na takwimu za sensa anasema Kilimanjaro imeongezeka watu zaidi ya laki mbili ndani ya miaka kumi. Nani yuko sahihi? Na mtu anajuaje kama watu wamehama au ni uzazi umepungua?

JIBU: Salama kabisa dada yangu. Wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anaongelea kitu chake na ndo maana hamuelewani. Mwenye takwimu hajadanganya, sensa ya 2012 Kilimanjaro ilikuwa na watu 1,640,087 na ya 2022 ikawa na 1,861,934, ukitoa unapata ongezeko la 221,847. Shida ni kwamba namba ya mkoa ukiitazama peke yake haikwambii kitu, lazima uilinganishe na nchi nzima ilivyokwenda, maana nchi hii inaongezeka kwa kasi sana kiasi kwamba karibu kila mkoa utaonekana umekua hata kama watu wake wanaondoka kila siku.

Sasa twende taratibu. Tanzania 2012 tulikuwa 44,928,923, mwaka 2022 tukawa 61,741,120. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata 1.374, yaani kila watu 1,000 wamekuwa 1,374. Kilimanjaro ingekuwa imekwenda na mwendo huohuo wa nchi ingetakiwa iwe na watu kama milioni 2.25. Imekuja na milioni 1.86. Kuna pengo la watu karibu 392,000 hapo, na hilo pengo ndo mwenzenu anayesema watu wameisha analiona kwa macho akienda nyumbani, japo hajalipigia hesabu. Arusha fanya hivyohivyo, 1,694,310 mwaka 2012, ingetakiwa ifike kama milioni 2.33, imefika 2,356,255, yaani imezidi kidogo kama watu 28,000. Mikoa miwili jirani, mwendo wa saa mbili kwa basi, lakini muongo mmoja umewapeleka njia tofauti kabisa.

Njia nyingine rahisi ya kuwaeleza watu kwenye kikao ni hii, chukua Watanzania 1,000 uulize wangapi wako mkoa fulani. Mwaka 2012 Kilimanjaro walikuwa kama 37, mwaka 2022 wamebaki 30. Arusha walikuwa 38 na wamebaki 38. Mimi napenda sana hii kwa sababu hata mzee ambaye hataki mambo ya asilimia anaielewa hapohapo.

Kuhusu kasi kwa mwaka, naomba nisisitize maana hili kosa naliona hata kwenye maandiko ya miradi. Watu wanachukua ongezeko la miaka kumi, asilimia 37.4, wanagawanya kwa 10 wanasema Tanzania inakua kwa asilimia 3.7 kwa mwaka. Sio hivyo, kwa sababu watu wa mwaka wa pili wanazaliwa juu ya wale wa mwaka wa kwanza. Chukua simu yako, kikokotoo, gawanya idadi mpya kwa ya zamani, bonyeza kitufe cha ln, alafu gawanya kwa 10 na uzidishe kwa 100 upate asilimia. Nchi inakuja asilimia 3.2, Arusha 3.3, Kilimanjaro 1.3. Ukitaka kujua idadi itakuwa mara mbili baada ya miaka mingapi gawanya 69 kwa hiyo kasi, Arusha ni kama miaka 21, Kilimanjaro ni zaidi ya 50. Hapo ndo utaona tofauti ya 3.3 na 1.3 sio ndogo hata kidogo.

Lakini nyie hamjengi madarasa mkoani, mnajenga Rombo, na mkoa unaficha mambo mengi ndani yake. Rombo ilikuwa na watu 260,963 mwaka 2012, mwaka 2022 ikawa na 275,314. Ongezeko la watu 14,351 tu kwa miaka kumi, kasi yake ni kama asilimia 0.5 kwa mwaka, ndio ya chini kuliko wilaya zote za mkoa. Ingekwenda na nchi ingekuwa na watu kama 358,600, kwa hiyo kama 83,000 hawapo, yaani zaidi ya sehemu moja kwa tano ya lile pengo lote la mkoa limetoka kwenu. Same nayo iko chini, asilimia 1.1. Siha na Moshi Manispaa ndo zimekwenda haraka kidogo, karibu 1.8 na 1.9, na bado ziko chini ya nchi. Yaani Kilimanjaro hakuna wilaya hata moja iliyofikia kasi ya taifa.

Sasa hao watu wako wapi? Wengine wewe mwenyewe ni mfano, uko Sakina. Jiji la Arusha limetoka 416,442 hadi 617,631. Ila usiishie kwenye jiji, maana mji haufuati mpaka wa halmashauri. Mtu anafanya kazi mjini, kiwanja kapata Ngaramtoni au Kisongo, anahesabiwa Arusha DC, yaani halmashauri ya wilaya inayolizunguka jiji. Jumlisha jiji na Arusha DC unapata 739,640 mwaka 2012 na 1,067,149 mwaka 2022, ongezeko la 327,509. Hiyo ni karibu nusu ya ongezeko lote la mkoa wa Arusha, na hebu angalia, mji mmoja na pembezoni yake umeongeza watu wengi kuliko mkoa mzima wa Kilimanjaro.

Hili la kujumlisha mji na pembezoni yake Dar ndo linaonekana vizuri zaidi, na watu wengi hawalijui. Kwa hesabu ya kila 1,000, Dar es Salaam imeshuka kutoka 97 hadi 87, mtu akiona hivyo atasema watu wanaikimbia Dar. Pwani imepanda kutoka 24 hadi 33. Jumlisha zote mbili kabla ya kukata desimali, ni 122 kisha 120, yaani karibu haijabadilika chochote. Watu hawajaikimbia Dar, wamevuka mpaka kutafuta viwanja, Kibaha huko, Mkuranga, Bagamoyo, na asubuhi wanarudi Dar kazini. Mpaka wa kwenye ramani umekata mji katikati. Hata Moshi ni hivyohivyo kwa kiasi chake, Manispaa ni ndogo, chini ya kilomita za mraba 60, imeongeza watu 37,441 wakati Moshi DC inayoizunguka imeongeza 69,066.

Na mipaka yenyewe inahama! Kabla hujalinganisha sensa mbili hakikisha eneo ni lilelile. Mtu anaweza kuchukua Mbeya 2012, watu 2,707,410, akachukua Mbeya 2022, watu 2,343,754, akaandika Mbeya imepoteza watu. Haijapoteza, mwaka 2016 ulikatwa mkoa wa Songwe, na Songwe 2022 ina watu 1,344,687. Ukizirudisha pamoja ni 3,688,441, kasi ya asilimia 3.1, karibu sawa na nchi. Huku kwetu Hai ilikuwa na watu karibu 260,000 sensa ya 2002, ya 2012 ikaonekana 210,533 kwa sababu Siha ilikuwa imeshatoka ndani yake. Kwa Rombo kati ya 2012 na 2022 wilaya haijakatwa kwa hiyo ngazi ya wilaya mko salama, ila ngazi ya kata na kijiji muwe makini sana, kata zinagawanywa na kijiji kinaweza kubaki na jina lilelile huku nusu ya vitongoji vimekwenda kata mpya.

Swali lako la pili ndo zuri zaidi, kuhama au uzazi. Idadi ya watu inabadilika kwa njia tatu tu: kuzaliwa, kufa, na kuhama. Lile pengo la 392,000 limechanganya yote, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba watu 392,000 wamehama Kilimanjaro, wengine hawajahama bali hawakuzaliwa kabisa. Kitaifa mwanamke alikuwa na wastani wa watoto 5.2 kwa utafiti wa 2015-16 na 4.8 kwa ule wa 2022, na Kilimanjaro kwa miaka mingi iko kwenye mikoa yenye uzazi mdogo kabisa nchini. Shule zilitangulia huku, wasichana wakasoma, na ardhi ikaisha, kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kikigawanywa kwa watoto wa kiume, wajukuu wanakuta kipande ambacho hakilishi familia. Kahawa nayo iliyokuwa inabeba ada na mabati ilishuka bei baada ya makubaliano ya kimataifa ya mgao wa kahawa kuvunjika mwaka 1989. Ndo maana mtu wa Rombo akizaa watoto watatu badala ya saba na wawili kati yao wakaenda mjini, yote mawili yanatokea nyumba moja kwa wakati mmoja.

Kutenganisha unaweza, na wala hauhitaji programu kubwa, unahitaji jedwali la umri la sensa zote mbili. Chukua waliokuwa na miaka 10 hadi 14 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye ni walewale wenye miaka 20 hadi 24. Umri huo vifo ni vichache, kwa hiyo kundi likipungua sana, hao wameondoka. Likiongezeka, wameingia. Fanya hivyo kwa kila kundi, wanaume na wanawake mbalimbali maana hawahami kwa umri uleule, na utaona hasa ni umri gani wilaya inamwaga watu. Uzazi unaupata kwingine, hesabu watoto chini ya miaka 5 kwa kila wanawake 1,000 wa miaka 15 hadi 49, linganisha 2012 na 2022. Wanawake wakibaki wengi na watoto wakapungua ni uzazi. Wanawake wakipungua, na watoto kwa kila wanawake 1,000 nao wakapungua, ni uzazi na uhamaji pamoja, na huo ndo mchanganyiko mgumu kwa shule, kwa sababu anayeondoka akiwa na miaka 22 anaondoka na watoto ambao hajawazaa bado. Watazaliwa Arusha au Dar, watasoma huko.

Kuna mtu atawaambia mbona Desemba kijiji kinajaa hadi barabara ya Himo kwenda Rombo haipitiki. Ni kweli, ila sensa yetu inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na zote mbili zimefanyika Agosti, ile ya 2012 usiku wa kuamkia tarehe 26 na ya 2022 usiku wa kuamkia tarehe 23. Kwa madarasa hiyo Agosti ndo sahihi kwa sababu wa Desemba hawaleti mtoto shuleni. Kama mngekuwa mnajenga tenki la maji ningewaambia kinyume, tenki lazima libebe kijiji cha Krismasi.

Sasa kwa madarasa yenu. Msiamue kwa namba ya mkoa wala ya wilaya. Nendeni halmashauri kwa afisa mipango au mtakwimu, ombeni jedwali la kata yenu la sensa ya 2022 lenye umri, hasa watoto wa miaka 0 hadi 4, maana waliokuwa na umri huo 2022 ndo wanaoingia darasa la kwanza kuanzia kama 2024 hadi mwishoni mwa muongo huu. Alafu muombeni mwalimu mkuu uandikishaji wa darasa la kwanza wa kila mwaka, sio jumla ya shule. Mkiona mwaka 2016 umepanda ghafla msishangae na wala msiutumie kama mwanzo wa hesabu, ndo mwaka elimu bila malipo ilipoanza na watoto wengi waliokuwa nyumbani waliletwa kwa mpigo. Angalieni miaka ya baada ya hapo.

Maoni yangu kwa Rombo ilivyo, darasa la kwanza likiwa linashuka mwaka hadi mwaka, hela yenu ikarabati madarasa yaliyopo, sakafu, madawati, vyoo vya wasichana, kuliko kuongeza manne ambayo kufika 2032 yatakuwa stoo. Likiwa limetulia au linapanda, na kata nyingine za huko barabarani, upande wa Tarakea na Mkuu, zinaweza kabisa kuwa zinapanda wakati nyingine zinashuka, basi jengeni bila wasiwasi. Hilo jedwali la kata lifike kwanza ndo mkae tena kikao, na umbebe yule mwenye takwimu na yule mwenye macho mwende halmashauri pamoja.