Pikipiki ya umeme Lamu: je, marufuku ya bodaboda inanihusu?

SWALI: Assalaam alaykum, wakili. Mimi ni mzaliwa wa Mkomani, Lamu, nafanya kazi Mombasa, na mwisho wa mwaka huu narudi nyumbani nifungue duka la vifaa vya ujenzi upande wa Langoni. Nimenunua pikipiki ya umeme, haina moshi wala kelele. Nataka kuivusha kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, niwe nawapelekea wateja mizigo midogo, na nimpeleke mamangu hospitali maana magoti yamemchosha. Jamaa wengine wananiambia pikipiki zimekatazwa mjini. Wengine wanasema zilizokatazwa ni bodaboda za abiria peke yake, tena za petroli. Mmoja kaniambia Lamu hakuna barabara, kwa hivyo hata nambari na bima sihitaji. Nani msema kweli? Na Mungu apishe mbali, nikigonga punda, mlipaji ni nani?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwanza jibu lenyewe, maana najua una tarehe ya safari: usiivushe pikipiki hiyo ukitarajia kuiendesha ndani ya Mji Mkongwe, si Mkomani, si Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani ya mji, wala pale ufukweni mbele ya gati. Umeme haukutoi kwenye katazo, na kutochukua abiria hakukutoi pia. Nje ya mji wa kale habari ni nyingine, na nitaifikia.

Nianze na huyo jamaa wa "Lamu hakuna barabara", kwa sababu kauli yake ndiyo itakayokuponza kuliko zote. Mtu wa Mombasa akisikia barabara anawaza lami na mstari mweupe katikati. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haiwazi hivyo. Tafsiri yake ya barabara inaanza na barabara za umma, kisha inaongeza njia nyingine yoyote, gati, maegesho, njia ya miguu na hata njia ya wanyama, mradi chombo kinaweza kupita na watu wote wana ruhusa ya kupita. Soma tena orodha hiyo ukiwa umesimama Mkunguni mbele ya ngome: gati ile pale, njia ya miguu hii hapa, njia ya punda ndiyo hiyohiyo. Mwandishi wa sheria hakuwa akiifikiria Lamu, lakini ameigusa yote. Kwa hiyo pikipiki ikigusa ardhi ya kisiwa mahali pa watu wote, inahitaji usajili na nambari, wewe unahitaji leseni ya daraja la pikipiki, na bima ya mtu wa tatu ni lazima chini ya Sura ya 405. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinakutaka uvae helmeti na jaketi lenye reflekta, na usibebe zaidi ya abiria mmoja. Hakuna kisiwa kilichosamehewa.

Kuhusu umeme, sheria hiyohiyo inakiita gari chombo chochote kinachoendeshwa kwa mtambo. Haisemi petroli, haisemi moshi. Mota ya betri ni mtambo. Nimewasikia wauzaji wengi wakiwaambia wateja kwamba chombo cha umeme ni kama baiskeli iliyochangamka, na wateja wanaamini kwa sababu hawasikii mlio. Yenye nambari ya fremu na mota ya kukusukuma bila wewe kupiga pedali, mbele ya trafiki ni pikipiki.

Sasa katazo lenyewe. Hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu mikono mitatu inashika kamba moja. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kitaifa usalama na kanuni za jumla za barabarani, na pia majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Jedwali hilohilo linaipa kaunti barabara za kaunti, trafiki na maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, na vivuko na bandari ndogo. Mamlaka ya usafiri Nairobi inakupa nambari na leseni. Haikupi haki ya kupita kila kichochoro. Kaunti ndiyo inayoweza kusema mtaa huu haupitiki na chombo cha mota, kama vile Mombasa inavyoweza kuufunga mtaa kwa lori. Na Makumbusho ya Taifa nayo ina neno, kwa kuwa Mji Mkongwe wa Lamu ulitangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na leo unalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Serikali ya kaunti imekuwa ikizizuia bodaboda zisiingie Mji Mkongwe na ufukweni, na walinzi wa urithi wanaiunga mkono kwa nguvu zote.

Ila nataka usikie na upande wa pili, kwa maana mimi ni wakili, si msemaji wa kaunti. Tangazo la mdomo, au la afisa aliyesimama gatini na kipaza sauti, halitoshi kukutoza faini. Kifungu cha 199 cha Katiba kinasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi kabla haijachapishwa katika Gazeti Rasmi. Kwa hiyo ukikamatwa, una haki ya kuuliza kwa adabu: ni sheria gani, kifungu kipi, na mpaka wa eneo uko wapi? Swali la mpaka ni zito. Eneo lililoandikwa UNESCO ni dogo, hektari kama 16 tu, ilhali mji umetanuka hadi Wiyoni, Kandahari na Gardeni. Vijana wengi wa bodaboda walikopa kununua pikipiki zao, na hawastahili kubahatisha mstari unakatia nyumba ya nani. Nenda ofisi ya kaunti inayoshughulikia uchukuzi kabla hujasafirisha chochote, uombe nakala ya katazo na ramani yake, na uombe kwa barua ili nawe ujibiwe kwa barua. Ukijibiwa, itunze. Mwananchi anayeombwa kutii anadai kuonyeshwa anachokitii, na kaunti inayoupenda mji wake haipaswi kuona uzito kuyabandika maandishi hayo pale Mkunguni kwa Kiswahili.

Lakini usije ukadhani nakupa mwanya wa kupenya. Hata kama karatasi ingekuwa na kasoro, bado ningekushauri uiache pikipiki nje, na sababu si moshi. Umekulia Mkomani, hebu upime mtaa wa kwenu kwa mikono yako. Vichochoro vingi ukinyoosha mikono miwili unakaribia kugusa kuta zote mbili. Punda wawili wenye mashogi, yaani vikapu vya mgongoni, ya mchanga wakikutana, mmoja hurudi nyuma au huingia ubavuni mwa daka, ule ukumbi wa mlangoni. Chini ya wikio, chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, kuna giza la mchana, na mtu anayetoka juani haoni kitu kwa sekunde mbili tatu. Mlango wa daka unafunguka moja kwa moja njiani, na mtoto hutoka mbio bila kuangalia kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kuwa na sababu ya kuangalia. Wazee wamekaa barazani, miguu iko njiani. Michirizi ya maji inapita pembeni. Mtaa huo ulijengwa kwa hatua ya mtu na hatua ya punda, na upana wake ni kanuni ya mwendo iliyoandikwa kwa mawe na chokaa.

Na katika njia kama hizo, kutokuwa na kelele ni hatari, si sifa. Lamu watu huendeshana kwa sikio. Hamali na mwenye punda hupiga ukelele wa "Simile!" kabla ya kona, na aliye upande wa pili anajua ajibanze ukutani. Kwato zenyewe zinasikika. Pikipiki ya umeme inayokuja kilomita 25 kwa saa haisemi chochote, na kwa mwendo huo inakwenda karibu mita 7 kila sekunde. Kona zetu nyingi hazikupi nafasi ya kuona mita 7 mbele. Hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu dereva ni mtoto wa mjini na ana nia njema.

Kuhusu kupeleka mizigo ya duka: ikiwa pikipiki itatumika nje ya eneo lililokatazwa, mwambie wakala wa bima wazi kwamba ni ya biashara. Bima ya matumizi binafsi haifuniki kazi ya kusambaza bidhaa. Na siku utakayomchukua jirani akakupa shilingi hamsini, umeshakuwa bodaboda mbele ya sheria na mbele ya bima, hata kama ulimpakia kwa huruma.

Sasa punda. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinakulazimu usimame ajali inapotokea, na kinataja mtu, chombo na mnyama. Simama, toa jina lako na la mwenye pikipiki kwa mwenye haki ya kuuliza. Ikiwa hukumpa mtu maelezo hayo, ripoti polisi mapema iwezekanavyo na usivuke saa 24. Usikubali kumalizana kwa noti mbili tatu halafu ukaondoka, kwa maana punda anaweza kuonekana mzima akafa kesho yake. Mpelekeni pamoja, wewe na mwenyewe, kwenye kliniki ya punda ya The Donkey Sanctuary, ambayo imekuwa Lamu tangu 1987, mpate maelezo ya tabibu kwa maandishi.

Anayelipa ni aliyezembea, na hapa ndipo watu wengi hushtuka. Bima ya lazima ya Sura ya 405 inalinda kifo na majeraha ya binadamu. Haimlindi punda, wala ukuta wa mtu, wala mlango wa mti wa nakshi wa miaka mia. Hivyo vinaingia tu ikiwa mkataba wako umeongeza kipengele cha mali ya mtu wa tatu, nawe umekilipia. Kama hukukiongeza, punda unamlipa kwa mfuko wako, pamoja na siku ambazo mwenyewe amekosa kazi ikiwa atathibitisha. Na ikiwa uligonga ndani ya eneo lililokatazwa, huhitaji wakili akueleze hakimu atauangalia vipi uzembe wako. Kwa upande wa mwenye punda, naye hana kinga kamili. Aliyemwachia mnyama usiku katikati ya njia, bila kamba wala mtu, anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama. Na kumtwika punda kupita uwezo wake ni kosa la jinai chini ya Sura ya 360, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, kwa hiyo usije ukamwambia mwenye punda aongeze mifuko miwili ya saruji "ili safari iwe moja". Duka lako litawategemea watu hawa. Patana nao bei ya kila safari mapema, uwaandikie uzito.

Ningekuwa wewe, pikipiki ningeiacha Mokowe. Bara hakuna katazo hilo, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi atakuwa na safari nyingi za kufuata bidhaa Mokowe na Hindi. Lipia maegesho mahali penye mlinzi, na uulize mapema utachaji wapi. Ndani ya mji tumia mkokoteni kwa njia pana na punda kwa vichochoro, kama wafanyavyo wenye maduka wenzako.

Limebaki la mama, na ndilo lililonigusa katika barua yako. Mama mwenye magoti mabovu hafai kupandishwa nyuma ya pikipiki hata pale inaporuhusiwa. Kumkunja goti na kumshusha kwa ghafla ni mateso, na helmeti itamlemea. Hospitali ya King Fahd iko kusini mwa mji, karibu na bahari, na Mkomani nayo iko karibu na bahari. Mtafute nahodha mmoja wa boti unayemwamini, mpatane kwa mwezi: akija maji yakiwa yamejaa, mama anashuka gatini bila kukanyaga tope. Panga miadi ya kliniki kwa kuangalia bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), wala usiache daktari akuchagulie siku peke yake. Kutoka mlangoni hadi majini mtumie kiti cha magurudumu cha kusukuma kwa mkono, ambacho hakina mtambo na hakihitaji kibali cha mtu. Pima tu upana wa kiti na upana wa mlango wa daka lenu kabla ya kukinunua Mombasa, kwa maana milango yetu ya kale ina kizingiti kirefu chini, na fundi seremala anaweza kukutengenezea kibao cha mteremko kwa siku moja.