Jibu: Mitego inayonasa panya walewale kila usiku

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba mitego yako ya Sherman (visanduku vya bati vinavyonasa panya wakiwa hai) inanasa panya walewale uliowatia alama ili kukadiria idadi yao, huku wengine, ambao nyayo zao unaziona, hawaigusi kabisa. Uzoefu wangu ni wa mashamba ya mahindi, si wa msituni.

Anza na kibao cha ndani ya mtego, kile ambacho panya akikikanyaga mlango hufyatuka. Kiguse kwa ncha ya unyasi: mlango usipofyatuka, panya wadogo wanaingia, wanakula na kutoka, na asubuhi utakuta vinyesi tu. Chambo kikitoweka bila kinyesi hata kimoja, washuku sisimizi.

Mtego ukiwa mzima, tatizo huwa ni woga wa kitu kigeni. Izuie milango isifyatuke, weka siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba za mahindi, uwaache wale bure kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kunasa. Kazi hii huonekana ya kupoteza muda, hasa msimamizi anapodai takwimu, lakini bila hiyo unawahesabu majasiri peke yao. Mitego ilazwe kando ya njia zao chini ya nyasi, na ikaguliwe alfajiri kabla jua halijachoma bati.

Kwenye hesabu, wenye alama wakinaswa kupita kiasi, kanuni ya Lincoln na Petersen, inayokadiria idadi ya wote kwa uwiano wa wenye alama kati ya wanaonaswa tena, itakupa idadi ndogo kuliko iliyopo. Kwa hiyo andika kumbukumbu za kila panya kwa namba yake, usiku kwa usiku, ili uweze kutumia kanuni inayozingatia kwamba panya hawanaswi kwa urahisi sawa.